Pale Mwimbaji Ananyamaza, Ndipo Ilaiyaraaja Anaanza Kuongea

Wacha niseme hii kitu waziwazi, halafu mnirukie baadaye: mtunzi mkubwa zaidi wa muziki wa filamu ambaye Wakenya wengi hawajui hata jina lake anaitwa Ilaiyaraaja. Ni mzee aliyezaliwa 1943 huko Tamil Nadu, kusini mwa India, na kazi yake imepita filamu 1,000 na nyimbo 7,000. A. R. Rahman mnamjua. Alibeba Oscar mbili mwaka 2009 kwa muziki wa Slumdog Millionaire na dunia nzima ikaimba. Sasa, kitambo kabla ya hizo Oscar, Rahman alikuwa kijana wa kupiga kinanda kwenye kikosi cha huyu mzee.

Lakini sijakuja kuwasomea wasifu wa mtu. Nimekuja kutetea sehemu moja ya wimbo, ile ambayo siku hizi inakatwa kila mahali. Mwimbaji amemaliza kiitikio. Ananyamaza. Vyombo vinabaki peke yao kwa muda kabla ubeti uanze. Kwenye video fupi za simu hiyo sehemu haifiki kabisa, kwa sababu kinachochukuliwa ni kiitikio peke yake. Kwenye redio mtangazaji anaanza kuongea juu yake. Tumeizoea kama nafasi ya mwimbaji kumeza mate.

Kwa Ilaiyaraaja, hapo ndipo penyewe.

Hebu tuelewane kwanza venye wimbo wa filamu ya Kitamil umejengwa. Kuna utangulizi wa vyombo, halafu pallavi, yaani kiitikio. Kinakuja kipande cha vyombo, halafu charanam, yaani ubeti. Kipande kingine cha vyombo, ubeti wa pili, mwisho kiitikio kinarudi. Njia rahisi ni kuandika kipande kimoja cha vyombo na kukipiga mara mbili. Hakuna mtu angelalamika. Ilaiyaraaja kwa kawaida anaandika viwili, na havifanani hata kidogo. Kimoja kinaweza kuwa cha fidla kumi zinazopanda pamoja kama wimbi, kingine ni filimbi moja tu na gitaa chini yake. Kwa hivyo ubeti wa pili, hata kama mahadhi yake ni yale yale ya ubeti wa kwanza, unausikia tofauti. Umefikishwa hapo kwa barabara nyingine.

Mfano ambao hauna mjadala ni "Sundari Kannal Oru Sedhi", kutoka filamu ya Thalapathi ya mwaka 1991 iliyoongozwa na Mani Ratnam. Ni wimbo wa mapenzi. S. P. Balasubrahmanyam na S. Janaki wanaimbiana polepole, karibu kunong'onezana. Halafu wakinyamaza, vita vinaanza. Yaani vita kabisa, bana: ngoma, tarumbeta, fidla zinakimbia kama farasi. Kwenye picha mwanamume anaenda vitani na mwanamke anabaki akimngoja. Vumbi likitulia, sauti ya Janaki inarudi pale pale ilipokuwa, na mapenzi yale yale. Lakini wewe msikilizaji huko pale pale tena. Sasa unajua kila neno la mapenzi linasemwa na mtu ambaye huenda asirudi. Hakuna mstari wa maneno uliobeba huo uzito. Umebebwa na okestra, pale wanaoimba walikuwa wamefunga midomo.

Hiyo ndiyo maana yangu nikisema upangaji wake wa vyombo unaongea. Haurembi wimbo. Unasimulia nusu nyingine ya hadithi.

Ili muelewe ni kwa nini hili ni jambo kubwa, lazima tuongee kuhusu watu ambao hawakutajwa. Huko Bombay, kwenye filamu za Kihindi ambazo wazazi wetu walizitazama, mtunzi mara nyingi alikuwa anatoa mahadhi, halafu mtu mwingine anakaa chini kuandika nani atapiga nini: fidla hapa, tarumbeta pale, besi ifuate njia gani. Wengi wa hao wapangaji walikuwa watu wa Goa, waliosoma nota kanisani. Sebastian D'Souza aliwapangia Shankar na Jaikishan nyimbo ambazo zimeimbwa mpaka huku kwetu, na ni wangapi wanajua jina lake? Anthony Gonsalves alikuwa mpiga fidla na mpangaji, na pia mwalimu wa fidla wa Pyarelal. Mwanafunzi alipokuja kuwa mtunzi mkubwa, jina la mwalimu likaingia kwenye ule wimbo maarufu wa Amar Akbar Anthony wa 1977. Watu wakaimba jina la mtu wakidhani ni la mhusika wa filamu tu.

Mpangaji ndiye mtu anayesahaulika, kwa sababu kazi yake huwezi kuiimba ukioga. Mahadhi unayabeba kichwani bure. Fidla ishirini huwezi kuzibeba.

Ilaiyaraaja alikataa huo mgawanyo wa kazi. Mahadhi ni yake na upangaji ni wake. Anajulikana kwa kuandika nota za kila chombo kwa mkono wake, moja kwa moja kwenye karatasi, bila kwanza kujaribu kwenye kinanda. Wanamuziki wanapewa kurasa zao, wanazipiga, na ndipo wengine chumbani wanasikia kitu ambacho yeye alikuwa ameshakisikia kichwani. Mnaojua kwaya mtanielewa. Kuandika sauti ya kwanza, wengi wanaweza. Kuandika sauti nne ambazo kila moja ni wimbo wake na bado zinakaa pamoja bila kukanyagana, hapo ndipo watu wanaanza kutafutana.

Na huyu mtu hakuzaliwa kwenye nyumba ya piano. Alizaliwa kijiji cha Pannaipuram, katika jamii iliyowekwa chini kabisa kwenye ngazi ya matabaka ya kuzaliwa ya India. Akiwa kijana mdogo alijiunga na kikundi cha kaka yake, Pavalar Varadarajan, wakizunguka vijijini wakiimba kwenye mikutano ya chama cha Kikomunisti. Mwaka 1968 akaanza kusoma muziki Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai, kwa mwalimu aliyejulikana kama Dhanraj Master. Huko ndiko alijifunza kusoma na kuandika nota za Kizungu. Akafanya mtihani wa gitaa wa Trinity College ya London kwa njia ya posta na akapata medali ya dhahabu. Halafu akawa mpiga gitaa wa kukodiwa na msaidizi wa watunzi wengine, miaka kadhaa, mpaka 1976 alipopewa filamu yake ya kwanza, Annakili.

Muziki wa kitamaduni wa kusini mwa India, ule wa Kikarnatiki, ulikuwa umeshikwa sana na matabaka ya juu. Okestra ya fidla ilikuwa ya Wazungu. Ngoma za vijijini zilikuwa za watu ambao hawakuruhusiwa kukaa meza moja na hao wengine. Jamaa akaviweka vyote chumba kimoja. Kwenye nyimbo zake unasikia ngoma ya kijijini chini, fidla za mtindo wa Ulaya juu, na katikati mahadhi yenye msingi wa Kikarnatiki, na hakuna anayemwomba mwenzake ruhusa. Mtu akisema muziki ni burudani tu, mimi namwambia askize hapo. Kuna mambo ambayo kijiji chake hakikuweza kuyafanya mezani, yeye aliyafanya kwenye karatasi ya nota.

Skiza "Rakkamma Kaiya Thattu", pia ya Thalapathi. Inaanza na fidla zinazochezeka, za sherehe, watu wanapiga makofi. Unafikiri ni ngoma ya karamu tu. Halafu katikati ya shangwe unaingia wimbo wa ibada wa Kitamil wa zaidi ya miaka 1,000, unaoitwa Thevaram, na sherehe inageuka kuwa hekalu bila mtu kuzima taa. Mwaka 2002, BBC World Service ilipoomba wasikilizaji wachague nyimbo kumi bora duniani, huu ulikuwa namba nne. Najua kura za aina hiyo zinaamuliwa na nani ana mashabiki wenye bidii. Sawa. Lakini hao mashabiki walikuwa na nyimbo 7,000 za kuchagua na wakatua hapo.

Sasa twende kwenye kazi ambayo hata maneno hayamo kabisa: muziki wa chinichini wa filamu. Mouna Ragam ya mwaka 1986, pia ya Mani Ratnam, ni hadithi ya Divya, msichana anayesukumwa na familia kuolewa na mtu asiyempenda. Mume anamuuliza anataka zawadi gani. Anajibu: talaka. Wueh! Sheria inawalazimisha kungoja mwaka mmoja, kwa hivyo wanakaa nyumba moja wakiwa kama wageni wawili wa hoteli. Jina lenyewe la filamu lina maana ya wimbo wa kimya. Fikiria mtunzi umepewa kazi hiyo: watu wawili ambao hawaongei. Mkurugenzi mwoga angejaza huo ukimya kwa vinanda vya huzuni mwanzo mpaka mwisho. Ilaiyaraaja anaacha ukimya uwe ukimya, halafu anapitisha mahadhi mafupi mahali ambapo moyo umesogea kidogo. Unajua Divya ameanza kubadilika kabla Divya mwenyewe hajakubali.

Kwenye Thalapathi tena, binti mdogo anajifungua na kumwacha mtoto kwenye treni ya mizigo. Kuna wimbo wa kubembeleza, "Chinna Thayaval", unaosikika mwanzoni. Mtoto anakua, anakuwa Rajinikanth, mtu wa ngumi. Yale mahadhi ya kubembeleza yanamfuata filamu nzima bila maneno. Yeye hajui mama yake ni nani. Mama hajui mwanawe yuko wapi. Muziki unajua. Sisi tunaosikiliza tunajua. Kukaa pale ukijua kitu ambacho mtu kwenye picha hakijui, na ukakijua kupitia masikio, hiyo ni aina ya uchungu ambayo mwigizaji peke yake hawezi kukupa.

Najua maswali yatakayokuja, kwa hivyo niyachukue moja moja.

La kwanza: "Wewe hujui Kitamil, unasifia nini?" Swali la haki. Ni kweli kuna mashairi hapo ndani yananipita, na Mtamil anayesikiliza anapata vitu ambavyo mimi sipati. Lakini mimi naongea kuhusu sehemu ambayo Mtamil naye hana maneno ya kushika. Fidla hazina lugha ya mama. Kama muziki unaweza kunifanya nijue kwamba mtu anaaga na hatarudi, na sielewi hata neno moja, basi mwandishi wake amefanya kazi yake mara mbili.

La pili: "Si ni kuiga Wazungu tu?" Hapana. Skiza "Kalaivaniye" kwenye filamu ya Sindhu Bhairavi ya 1985, imeimbwa na K. J. Yesudas. Kanuni za Kikarnatiki zina ngazi ya kupanda na ngazi ya kushuka. Huo wimbo ameujenga kwa ngazi ya kupanda peke yake. Unapanda tu. Hilo ni jambo la mtu anayeijua nyumba yake mpaka chumba cha stoo, na filamu hiyo ilimpa tuzo ya taifa ya muziki. Mwaka uliofuata akatoa albamu isiyo ya filamu, How to Name It?, akaitoa kwa heshima ya watu wawili: Tyagaraja, mtunzi mkubwa wa Kikarnatiki, na Johann Sebastian Bach. Ndani yake kuna kipande kinaitwa "I Met Bach in My House". Angalia hilo jina vizuri. Yeye hakuenda kwa Bach kubisha hodi. Bach ndiye alikuja nyumbani kwake.

La tatu ndilo zito, na hapa mimi pia nina maneno. Filamu zaidi ya 1,000 ni nyingi mno. Kuna nyimbo zake ambazo ukishasikia moja umesikia tano, na kuna miaka ambapo kalamu ilikuwa inaenda kwa mazoea. Shabiki anayekuambia kila kitu chake ni dhahabu hasikilizi, anaabudu. Tena mzee ana msimamo mkali kuhusu haki zake. Mwaka 2017 alimtumia barua ya wakili Balasubrahmanyam, sauti iliyobeba nyimbo zake nyingi kuliko wengi, kuhusu kuziimba jukwaani bila ruhusa yake. Watu waliumia. Kisheria, mwandishi ana haki ya kulinda kazi yake, na mimi natetea hiyo haki mchana kweupe. Ila kuna jambo linaniwasha: wale wapiga fidla wa Madras waliokaa kwenye studio miaka yote wakisoma nota zake, wengi wao hatujui majina. V. S. Narasimhan anajulikana kwa sababu fidla yake iko mbele kwenye How to Name It?. Wengine je? Mtu aliyeonyesha dunia kwamba mpangaji ni mwandishi angeweza pia kutuonyesha kwamba mpigaji ana jina.

Na hapo ndipo hii maneno inafika nyumbani, kwa sababu sisi si wageni kwa muziki wa filamu za India. Pwani yetu imeishi nao kwa miongo. Juma Bhalo wa Mombasa alitia mashairi mazito ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi, na watu wakalia kwenye harusi. Mahadhi yalisafiri na meli, na filamu, na santuri. Lakini kilichosafiri ni kile kinachoweza kuimbwa. Ile okestra kubwa ya nyuma ilibaki India, kwa sababu hakuna anayeweza kuipiga mluzi. Taarabu ya Unguja ilikuwa na fidla na ganuni zake, na hata ina bashraf, kipande cha vyombo vitupu kinachofungua shughuli kabla mtu hajaimba. Kwa hivyo sikio la kusikiliza vyombo vikiongea peke yao tulikuwa nalo. Sisi wa vizazi vya simu ndio tunaliacha lizibe.

Angalia filamu zetu. Picha siku hizi ni kali, waigizaji wako, hadithi ziko. Halafu muziki unakumbukwa wiki ya mwisho. Mara nyingi ni kitu cha bure kilichopakuliwa mtandaoni, kile kinanda cha huzuni ambacho kimetumika kwenye video elfu moja za kuomba michango. Na wapigaji wapo. Nairobi ina okestra yake tangu miaka ya 1940. Korogocho kuna vijana wa Ghetto Classics wanaopiga fidla na tarumbeta kuliko unavyodhani. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaandikia: mtunzi atakayekaa na filamu yetu, aone mama amenyamaza jikoni, aseme hapa nataka selo moja na ngoma ya mbali, na mtayarishaji atakayemlipa kufanya hivyo. Pesa ni kidogo, najua. Lakini filimbi moja iliyoandikwa kwa ajili ya uso ule mmoja inashinda okestra ya kupakua.

Tarehe 8 Machi 2025, akiwa na miaka 81, Ilaiyaraaja alisimamisha simfonia yake inayoitwa Valiant jijini London, ikapigwa na Royal Philharmonic. Wengi waliandika kana kwamba hapo ndipo hatimaye alikubaliwa kuwa mtunzi wa kweli. Mimi naona kinyume. Ile simfonia alikuwa anaiandika tangu 1976, kipande kwa kipande, katikati ya beti za nyimbo za filamu, kwa watu waliolipa tikiti ya bei ya chini kumtazama Rajinikanth akipiga watu.

Ukitaka kuanza, anza na "Ilaya Nila" ya 1982, ambapo gitaa moja linatembea chini ya sauti ya Balasubrahmanyam kama mtu anayekusindikiza nyumbani usiku. Halafu "Sundari Kannal Oru Sedhi". Halafu tazama Mouna Ragam yote, na tafsiri chini ya picha. Vaa vya masikioni vizuri, si spika ya simu. Na mwimbaji akinyamaza, usiguse kitu. Subiri ubeti wa pili ukupate ukiwa mtu mwingine.